Ua Lililokatwa Halingoji: Barua Kutoka Soko la Nairobi



Katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi: je, pesa ya likelemba ipande maua ya kuuza Kolwezi wakati wa kiangazi, maana ndoa na sherehe ni nyingi? Likizo hii kubwa ya masomo nilikwenda kwa dada yangu aliyeolewa Nairobi, nikaangalia biashara hiyo mahali inapolisha watu wengi. Ninawaandikia niliyoyaona ili tuamue vizuri.

Soko linaitwa City Market, barabara ya Muindi Mbingu, karibu na msikiti wa Jamia. Nje yake wauzaji wamepanga ndoo kwa ndoo za waridi, yale tunayoita roza, pamoja na maua ya kila rangi. Asubuhi wanunuzi wa jumla ndio wanaotangulia: wapambaji wa ndoa, watu wa hoteli, watengeneza mashada ya kilio. Hawaulizi bei ya ua moja, wanauliza bei ya fungu. Wanapima urefu wa shina na kuangalia kama ua bado limefumba. Lililokwisha kufunguka, bei yake imeanguka. Mikono ya muuzaji haipumziki: anakata ncha ya shina upya, anatoa majani ya chini yasioze majini, anabadilisha maji.

Sehemu kubwa ya waridi ya Kenya hutoka kando ya ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na wanaofanya kazi mashambani humo wengi ni wanawake. Maua yakikatwa huingia chumba cha baridi, kisha gari lenye baridi, kisha ndege ya kwenda Ulaya. Mengi huuzwa Aalsmeer, Uholanzi, kwa mnada wa namna yake: saa huanza na bei ya juu, inashuka, na anayebonyeza kwanza ndiye anayenunua. Mnada huo ni wa ushirika wa wakulima wenyewe. Hilo tulishike.

Miezi hii ya kiangazi chetu, Ulaya ni majira ya joto. Bustani zao zimechanua na watu wengi wako likizoni, kwa hiyo wanunuzi hupungua. Siku zao kubwa ni kama ile ya wapendanao, tarehe 14 Februari, na sikukuu ya akina mama. Mkulima asiyejua kalenda ya mnunuzi wake atavuna mengi siku ambayo hakuna anayeyataka.

Tena kuna njia. Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa moto ulilipuka Iceland, majivu yakazuia ndege za Ulaya kwa siku kadhaa. Maua mengi ya Kenya yalitupwa na wafanyakazi wengi wakakaa bila kazi. Mashamba yalikuwa mazima, maua yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni njia tu.

Sasa turudi Dilolo. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli, na sisi sote tunajua kungoja gari ya moshi, tunajua na barabara yetu. Mama anayeuza sombe na lengalenga anajua saa kumi za jioni zinavyomshika: mnunuzi anatembea polepole, anajua majani hayatalala. Ua ni hivyo hivyo, tena ua halipikwi nyumbani likibaki.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: pesa ya likelemba isipande maua ya Kolwezi. Tuanze na kitalu kimoja karibu na maji, kwa ndoa, vilio na sherehe za hapa Dilolo, na za jirani zetu wa Luau ng'ambo ya mpaka. Tukate alfajiri, siku ile ile ya kuuza, na kwa oda iliyolipwa nusu. Bei tuipange pamoja, mama mmoja asimshushie mwenzake.

Kabla ya kununua mbegu, kila mama aje mkutano ujao na hesabu moja: ndoa na sherehe ngapi ziko katika mtaa wake mpaka mvua ianze? Hesabu hiyo ndiyo itatuambia ukubwa wa kitalu.