Vyombo vya Vita Sandukuni mwa Babu

Juma hili tunaomba tuzungumze nanyi juu ya vitu ambavyo wengi wenu mnavyo majumbani: makabuti ya zamani, chupa za maji za bati, visanduku vya risasi ambavyo siku hizi hutunza sindano na nyuzi, majerikeni mazito ya chuma, na nishani zilizofungwa katika leso. Vyote vilitengenezwa kwa ajili ya vita, navyo leo ni urithi. Karibu kila kimoja kina simulizi yake, na simulizi hiyo, huku kwetu Ugogoni, hupenda kuanzia Burma.

Kwamba wazee wetu walifika Burma si jambo la kubuni. Askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walivushwa bahari, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita Bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria ya mwaka 1944, hata ikautwaa mji wa Kalewa mwezi wa Desemba. Lakini zana walizopewa zilikuwa mali ya serikali, na ndiyo maana zilipigwa chapa. Chapa hiyo ndiyo shahidi wa kwanza wa kuulizwa.

Itafuteni: ni mshale mfupi wa mistari mitatu, mfano wa unyayo wa kuku. Ukiwa peke yake, chombo kilikuwa mali ya jeshi la Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C, kilikuwa cha Kanada. Ndani ya herufi U, cha Afrika Kusini. Na ukiwa na herufi I chini yake, cha India. Mara nyingi kando yake huwapo jina la kiwanda na mwaka. Mkikuta mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha, maana yake chombo kiliondolewa jeshini kikauzwa. Alama hii ya mwisho huwaudhi sana wajukuu.

Jerikeni lenyewe linabeba vita hata katika jina lake. Wajerumani ndio waliolibuni kabla ya vita, la lita 20, lenye mishikio mitatu. Waingereza walipoyateka katika jangwa la Afrika Kaskazini waliona kwamba madebe yao wenyewe yalikuwa yakivuja ovyo, wakaiga. “Jerry” lilikuwa jina lao la utani kwa Mjerumani. Na si lazima lililoko jikoni kwenu lililetwa na askari. Mradi wa karanga ulipoanzishwa Kongwa mwaka 1947, mitambo mipya ilikuwa adimu. Zikanunuliwa zana za jeshi zilizobaki, nyingine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mradi ukafa mwaka 1951. Si ajabu basi chombo chenye mshale kukutwa katika nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kushika bunduki.

Jambo hili lilitugusa pale familia moja ya parokia yetu ilipotuomba tutangaze, katika Misa ya kumbukumbu ya babu yao, kwamba kabuti lililotandikwa mbele ya picha yake alilivaa Burma. Tuliomba kuliona kwanza. Ndani yake palikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa, chenye mshale, kipimo na mwaka: 1952. Vita vilikwisha mwaka 1945. Mjukuu mkubwa alitutazama, akasema kwa upole, “Baba Paroko, mwaka huo si lazima usomwe.” Tukamjibu kwamba kwenye mimbari hatuwezi kusema neno ambalo tumeona kwa macho yetu si kweli. Chumba kikawa kizito. Simulizi ile ilikuwa imekwisha kuandikwa katika kitabu cha ukoo.

Ndipo mjane wa marehemu, bibi wa karibu miaka tisini, akacheka. “Kabuti hilo alilinunua mnadani, mwaka wa Uhuru, kwa bei ya mbuzi. Mwenyewe hakusema hata siku moja kwamba limetoka Burma. Ninyi wajukuu ndio mlisema.” Akaulizwa kwa nini basi mzee alilipenda vile. Akasema kwamba tangu arudi vitani homa ilikuwa ikimrudia, akawa anatetemeka hata jua likiwa utosini, na hapakuwa na blanketi lililomtosha ila hilo. Katika Misa tulisema hayo, pamoja na mnada na mbuzi wake.

Kumpata mtu ni kazi kuliko kupata mwaka wa kabuti. Nishani za Waingereza za vita vya 1914–1918 zilichorwa pembeni namba na jina la aliyepewa. Zile za 1939–1945 walizopata askari wetu zilitolewa bila jina, hivyo nyota ya Burma iliyotengwa na karatasi zake haisemi ilikuwa ya nani. Kwa hiyo tunzeni cheti cha kuachiwa jeshi kuliko nishani, kwa sababu ya namba ya askari na kikosi chake. Mkishakijua kikosi, kumbukumbu zake za kila siku zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.

Na wapagazi wa vita vya kwanza? Hao hawakuacha hata kabuti. Vita vilichukua vijana, ng'ombe na nafaka, ikafuata njaa ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nyumba nyingi zisizo na chombo chochote sandukuni ndizo zilizotoa zaidi.

Tafadhali, msikwangue kutu wala rangi ya zamani, maana chapa hupotea nayo. Mkikuta risasi au bomu, msiliguse. Toeni taarifa polisi. Na anayetaka kumtafuta babu yake katika vitabu vyetu vya ubatizo, ambamo ndoa nazo huandikwa pembeni, aje ofisini na majina yote mawili, la ubatizo na la nyumbani; na kama bibi yu hai na anaweza kutembea, aje naye.