Shilingi Tano za Mzee Wetu

Tulimzika mzee wetu Jumatatu baada ya sala ya alasiri, hapa Takaungu, akiwa amepindukia miaka tisini. Vijana waliolibeba jeneza walimjua kama mzee wa safu ya kwanza msikitini na babu wa watoto wengi. Wachache walijua kuwa alikuwa askari wa Keya, aliyepigana Bama.

Hakupenda kusimulia vita. Sisi tuliyapata maneno yake kwa vipande, barazani, kati ya magharibi na isha. Februari 1944 alipanda meli Kilindini, katika msafara ulioelekea Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani iliipiga mojawapo ya meli za msafara huo, Khedive Ismail, ikazama kwa dakika mbili hivi pamoja na watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Yeye alikuwa katika meli nyingine, akitazama. Kisha Bama, Bonde la Kabaw, mvua na matope. Tangu aliporudi hakuingia chomboni tena. Watu wa hapa huvuka hori kwa mashua. Yeye alizunguka kwa barabara, hata siku ya harusi ya bintiye ng'ambo.

Nyumbani alikuwa mwepesi kuliko wanaume wa rika lake. Mkewe alipougua miguu, ni yeye aliyekuna nazi na kuteka maji, bila kungoja binti wala mkazamwana. Akichekwa, hujibu kuwa jeshini hakukuwa na mke.

Katika meli ile iliyozama alikuwamo kijana wa Ukambani aliyemkopesha shilingi tano Kilindini, ili ampelekee mamake kabla ya safari. Alimjua kwa jina la kambini tu. Baada ya vita alikwenda Machakos mara mbili kuwatafuta jamaa zake, asiwapate. Alipotuuliza, tulimwambia kuwa haki ya mtu haifutwi na tofauti ya dini, na kwamba mali ambayo mwenyewe na warithi wake hawajulikani hutolewa katika maslaha ya watu. Akaweka mtungi wa maji penye kituo cha matatu, anywe apitaye, wa pwani na wa bara. Fedha za kuujaza alizitia katika mkebe wa maziwa kila mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu ya msiba tuliitwa. Mkebe ulikuwa na shilingi 3,400. Bibi, aliye edani, alituuliza nyuma ya pazia: "Shekhe, hizi ni za deni au za mirathi?" Watoto wote saba walikuwapo.

Tulikiri kwamba ulimi ulitaka kusema ni za mtungi. Lakini deni hulipwa kwa idadi yake, ijapokuwa thamani ya fedha imeshuka, na marehemu hakuacha wasia. Shilingi tano ndizo zilizotangulia. Zilizobaki ni za warithi. Atakaye kutoa fungu lake, na atoe kwa ridhaa, kwani kinachotolewa kwa haya si halali kukipokea. Kwa hiyo tulikataa wajibu mbele ya wenzao, tukaondoka.

Kesho yake mjukuu alituletea bahasha. Bibi ametoa thumni yake yote. Mabinti wanne wametoa, na watoto wa kiume wawili. Mkubwa amechukua fungu lake. Asilaumiwe, ana watoto watatu shuleni na kazi ya kibarua. Siku ya Ijumaa tulimkuta kituoni, kanzu ameikunja kiunoni, anausugua mtungi ukoga.

Ndani ya bahasha, katika karatasi yake mbali, mlikuwa na sarafu moja ya shilingi tano. Bibi ameagiza tuiweke, huenda siku moja akatokea mtu wa Ukambani mwenye kumuulizia babu yake aliyepotea baharini mwaka 1944.