Mzee wa Miaka 26

Mimi ni mzee tangu siku niliyozaliwa. Kwetu Nyeri kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo Cucu, nyanya yangu, hajawahi kuniita mjukuu. Huniita mume wake. Nikiwa na miaka 6 nilikaripiwa mbele ya wageni eti nimeiacha familia bila kuni. Wageni wanacheka, mimi huyo mbio kuleta kuni.

Sasa nina miaka 26 na hekima yenyewe sijaiona. Chuo kikuu niliacha mwaka wa tatu, karo ilipoisha, nikarudi nyumbani na kompyuta na vibarua vya kuandika makala. Wanarika wangu wana digrii, wawili wameoa, mmoja ana gari (la mkopo, lakini si gari?). Kila sherehe lazima mjomba fulani anikumbushe Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. "Mzee aliweza, wewe je?" Huwa nanyamaza. Maruge alitaka kujisomea Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa na haja yake, hakuwa akikimbizana na mtu.

Tena Wakikuyu wa zamani hawakuuona uzee kama kitu kinachokuja tu chenyewe, kama mvi. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, anaeleza jinsi mwanamume alivyoingia kwenye kiama, baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi. Wa daraja la kwanza waliitwa kamatimo. Kazi yao ilikuwa kutumwa, kuwasha moto, kuwachomea wakubwa nyama, na huku wanasikiliza kesi. Yaani unaanza uzee kwa kuleta kuni! Mabaraza hayo yalikuwa ya wanaume, lakini aliyenifunza mimi ni mwanamke.

Mwaka jana ndugu wawili wa baba yangu waligombania mpaka wa shamba la kahawa. Si shamba kubwa, ila Guka alifariki bila kuligawa, na maneno yalifika mahali pa kutajiana mapanga. Cucu akawaita. Mimi nikapewa daftari niandike. Nilidhani atatoa hukumu, maana mpaka anaujua. Kwa saa tatu hakusema ila, "Chai inapoa."

Usiku nikamuuliza mbona amenyamaza.

"Walikuwa wanagombana na baba yao," akasema. "Mimi wangenisikia saa ngapi?"

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Nilikuwa nimeandika kila neno lao na hilo sikulisikia, na jina la huyo baba ninalo mimi.

Kesho yake alimwita mkubwa amsaidie kukata mibuni iliyozeeka. Mbuni ukizeeka haung'olewi. Unakatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua, halafu unachagua machipukizi machache ya kubaki na mengine unayang'oa. Huko kuchagua ndiko kugumu. Mimi kila moja naliona zuri. Siku ya pili alimwita mdogo, safu ileile. Habari ya mpaka hakuigusa.

Siku ya tatu akawaita wote wawili, akaniambia nisome daftari. Nikasoma, bila kuruka hata matusi. Nilipofika ukurasa wa pili mkubwa alisema inatosha. Mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mpaka haujapimwa hadi leo. Cucu hana haraka, mimi ndiye ninayeuliza kila wiki. Lakini Jumamosi iliyopita ndugu hao walipeleka kahawa yao kiwandani kwa mkokoteni mmoja, madebe yamechanganyika, na mlima wa kwenda kule si mchezo. Mimi nilikuwa nyuma, nasukuma.