Mshairi wa Umma Asiye na Umma

Kichekesho cha The Young Ones, kilichorushwa na BBC2 ya Uingereza kwa vipindi 12 mwaka 1982 na 1984, humgusa mshairi mahali panapouma. Wanafunzi wanne wasiopatana wamepanga nyumba moja chakavu: Vyvyan mvunja vitu, Neil mnyonge mpika dengu, Mike mjanja, na Rick, aliyeigizwa na Rik Mayall (1958–2014). Huyu hujiita mshairi wa umma.

Umma wenyewe haumsikilizi. Hata wenzake watatu hawamvumilii. Hujitangaza kuwa mwasi wa kila mamlaka, na papo hapo humhusudu Cliff Richard, mwimbaji mpole ambaye wimbo wake ndio uliokipa kichekesho jina.

Mfasiri hana budi kujiuliza: ubovu wa mashairi ya Rick utafsiriweje? Kwetu shairi bovu hujisaliti sikioni. Mizani ikipungua au kina kikipotea, msikilizaji hukunja uso kabla ya kufika kituoni. Lakini mpe Rick vina vya kati na vya mwisho, mpe mizani 16 bila pengo, naye atabaki mbovu vilevile, kwani kila asemapo “umma” hukusudia “mimi”.

Hapo ndipo kicheko kinapotugeukia sisi tushikao arudhi, na wale walioiacha pia. Arudhi haimkingi mtu na majivuno. Umma humchagua mshairi wake wenyewe, na mara nyingi humghani bila hata kulikumbuka jina lake.