Mwanga na Kilometa

Mjomba alikuwa mvuvi wa chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, nami kazi yangu ilikuwa kuipiga pampu karabai yake jioni mpaka utambi wa kitambaa uanze kuvuma na kuwaka mweupe. Usiku wa giza, mji wetu wote wa Nchelenge, kando ya ziwa, ulitazama taa za wavuvi majini. Taa ikiwashwa kule, tuliiona huku papo hapo. Nani angedhani mwanga nao una mwendo?

Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyetuvuruga. Alituambia Galileo alishawaza kupima mwendo huo kwa watu wawili wanaofunuliana taa usiku, lakini mkono wa binadamu ni mzito mno kwa kazi hiyo. Léon Foucault, mwaka 1862 huko Paris, akaiachia kazi kioo kinachozunguka. Mwanga unakipiga, unakwenda hadi kioo kingine kilichotulia, unarudi. Kufikia hapo cha kwanza kimeshageuka kidogo, kwa hiyo nukta ya mwanga inaangukia kando ya pale ilipotoka. Kwa mchepuko huo alipata kilometa 298,000 kwa sekunde.

Albert Michelson, Mmarekani, alinivutia zaidi. Miaka ya 1920 alirusha mwanga kutoka Mlima Wilson, California, hadi mlima mwingine ulio umbali wa kilometa 35 hivi, akitumia kioo cha nyuso nane kilichozunguka zaidi ya mara 500 kwa sekunde. Akapata 299,796. Ila ilibidi kwanza wapima ardhi waupime umbali ule kwa uangalifu wa ajabu. Sisi safari ya Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, tuliihesabu kwa makasia na upepo; Michelson angetufukuza!

Mwaka 1983 mambo yakapinduliwa. Kasi ya mwanga ilifungwa kwenye mita 299,792,458 kwa sekunde, na mita ikawa inatokana nayo. Zamani umbali ulipima mwanga. Sasa mwanga ndio unaopima umbali.

Karabai zimepisha taa za betri, na vijana wa Kashikishi, jirani zetu, wanatega nyavu wakiongozwa na simu. Setilaiti hutuma mawimbi ya redio, yenye kasi ileile ya mwanga, na simu hukokotoa muda yaliotumia njiani ili ijue ilipo. Juzi nilimuuliza kijana mmoja Kilwa ni mbali kiasi gani. Akatazama simu, akanitajia kilometa, kisha hapohapo akazigeuza kuwa lita za petroli.