Usingoje dereva aseme, "Sikumwona"

Ajali haina kinga, walinena wahenga. Methali hii imerudiwa mara nyingi kando ya barabara zetu hata imekuwa kama muhuri wa kufungia faili. Baiskeli imegongwa, watu wamekusanyika, dereva amejishika kichwa kwa mikono miwili akilia, "Jamani, sikumwona!" Naye mzee mmoja katika umati hutikisa kichwa na kusema kwamba ajali haina kinga. Kisha kila mtu hushika njia yake.

Mpenzi msomaji, nimeendesha baiskeli kutoka Kayole hadi Eneo la Viwandani kwa miaka kumi na minne sasa, na leo naomba tuiweke methali hiyo kando kidogo. Zipo ajali zisizo na kinga, sikatai. Lakini ile ya kugongwa usiku kwa sababu hukuonekana ina kinga yake, na kinga hiyo inauzwa Luthuli, River Road na hata kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake kwenye kituo cha matatu. Ni tochi ndogo ya LED na betri za kuchaji.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua halina subira. Mjini Nairobi huzama kuanzia saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi hadi saa moja kasoro dakika kumi, Januari hadi Disemba. Dakika ishirini baadaye, giza limetanda. Mfanyakazi akitoka kiwandani saa kumi na mbili, akapitia dukani kununua unga na maziwa, safari yake ya nyumbani ni ya gizani. Mwanafunzi akifunga vitabu maktabani saa moja, yeye pia ni wa gizani. Kwa hivyo taa ya baiskeli si kitu cha siku moja moja, bali cha kila siku ya kazi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akishakuona, huhitaji sekunde moja au moja unusu kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Yaani gari limekwisha kwenda mita 22, pengine 33, hata kabla halijaanza kupunguza mwendo. Sasa ongeza gari lingine linalokuja upande wa pili likiwa limewasha taa zote. Ongeza mvua ya Aprili kwenye kioo. Kisha muweke hapo mwanamume aliyevaa koti jeusi juu ya baiskeli nyeusi. Je, dereva huyo anadanganya anaposema hakumwona?

Katika ploti tunamoishi yupo jirani yangu ambaye ni bawabu wa usiku. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa akielekea kazini mwendo wa saa moja na nusu pikapu ilipomsukuma mtaroni. Dereva hakuwa mlevi wala hakutoroka. Alisimama, akamwinua na kumpeleka hospitalini, na maneno yake yalikuwa yale yale tunayoyajua. Jirani yangu alivunjika mguu na kukaa nyumbani miezi mitano. Mkewe alianza kuuza sukumawiki langoni ili watu wale, na kifungua mimba wao alirudishwa nyumbani mara tatu muhula ule kwa sababu ya karo. Ndipo nilipoelewa kwamba mguu huvunjika wa mtu mmoja, lakini familia nzima huchechemea. Leo jirani huyo ana taa mbili kwenye baiskeli, na watoto wa ploti humtambua angali mbali.

Wenye umri wangu watakumbuka dainamo, ile chupa ndogo iliyosuguana na tairi na kuwasha taa kwa nguvu za miguu yako mwenyewe. Ilitoa volti 6 na wati 3, na ilikuwa fahari ya mwenye baiskeli. Lakini ulipopanda kilima mwanga ulififia, na uliposimama kwenye makutano ulizimika kabisa, pale pale unapohitaji kuonekana. Tochi za zamani za balbu nazo zilimeza betri kama mgeni asiyejua bei ya unga.

Kilichobadilisha mambo ni LED. Rangi nyekundu na kijani zilikuwapo zamani, lakini mwanga mweupe ulingoja LED ya buluu yenye nguvu. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliifanikisha mapema katika miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. LED ya buluu ikifunikwa unga maalumu unaotoa rangi ya manjano, jicho letu huona nyeupe. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya tochi ya mchuuzi wetu, na ndiyo sababu betri ndogo zinaweza kukumulikia kwa saa kadhaa.

Je, ununue tochi ipi? Usibabaishwe na ile kubwa yenye maandishi mengi. Chagua inayotumia betri za kawaida za AA, au tatu nyembamba za AAA. Iwe na mwanga mkali na mwanga hafifu, maana kwenye barabara yenye taa hafifu hutosha na betri hudumu zaidi. Itikise mkononi, ikizimikazimika dukani, itazimika kwenye shimo la kwanza njiani.

Kuifunga si kazi ya kumwita fundi. Kata kipande cha tyubu kuukuu chenye upana wa vidole viwili. Zungusha kimoja kwenye usukani ili tochi isiteleze, kisha uifunge kwa kingine kwa mtindo wa msalaba. Ielekeze chini kidogo, katikati ya mwanga pagonge barabara mita saba au nane mbele yako. Mwambie mwanao asimame hatua ishirini mbele. Akiziba macho kwa mkono, bado umeiinua mno. Dereva uliyempofusha hakuoni kwa sababu ya taa yako, na hapo umejichimbia shimo.

Wengi wetu hudhani taa ni ya mbele tu. La hasha! Anayekuja mbele yako unamwona na unaweza kumkwepa. Anayekujia mgongoni humwoni, na uhai wako umo machoni mwake. Kwa hivyo ukiwa na pesa za taa moja tu wiki hii, anza na nyekundu ya nyuma. Nimeona vijana wakifunika tochi nyeupe kwa karatasi nyekundu ya peremende. Ubunifu ni mzuri, lakini LED nyeupe ina wekundu kidogo sana ndani yake, na karatasi hiyo humeza karibu mwanga wote. Nunua taa ndogo yenye LED nyekundu zenyewe. Nyeupe usiiweke nyuma kamwe. Dereva atadhani unamjia kumbe unakwenda mbele yake. Kiakisi chekundu na jaketi la kuakisi mwanga pia husaidia, ila hivyo hung'aa vinapopigwa na taa za gari tu.

Sasa tuje kwenye betri, mahali ambapo wengi hukata tamaa. Anayetegemea betri za kutupa hununua, zinakwisha, ananunua tena, na wiki mshahara umekwisha anaendesha gizani. Betri za kuchaji za aina ya nikeli, zilizoandikwa NiMH, zinauma mfuko mara moja lakini huchajiwa mamia ya mara. Tatu za ukubwa wa AA, zenye miliampea 2000 kila moja, hubeba nishati ndogo mno hivi kwamba uniti moja ya stima inaweza kuzichaji zaidi ya mara hamsini. Kwa mtu anayekwenda kazini siku tano kwa wiki, huo ni mwanga wa miezi mingi kwa uniti moja. Gharama iko kwenye kununua betri na chaja, wala si kwenye stima.

Usishtuke ukisoma volti 1.2 badala ya 1.5. Betri ya kutupa huanza na nguvu na kushuka polepole. Ya nikeli hukaa karibu na kiwango kimoja, kisha inapokaribia kuisha huanguka ghafla. Maana yake ni kwamba tochi haitakuonya mapema, na ni vyema kubeba seti nyingine mfukoni. Jambo lingine ni kwamba betri za tochi moja ni kama ng'ombe waliofungwa nira moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, au iliyochajiwa na isiyochajiwa, zenye nguvu huilazimisha ile dhaifu baada ya kuishiwa, na huharibika. Zinunue pamoja, zichaji pamoja, zitumie pamoja.

Tahadhari mbili. Kwanza, usithubutu kuchaji betri ya kutupa. Inaweza kuvuja au kupasuka. Pili, zipo tochi zenye betri ya lithiamu iitwayo 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ni nzuri zikiwa halisi, lakini ukiona imeandikwa mAh 9900, jua umepigwa changa la macho, maana betri halisi ya ukubwa huo hubeba takriban 3500 ikiwa nzuri sana. Zile zilizochomolewa kwenye kompyuta kuukuu waachie wanaozijua. Betri ya lithiamu ikiharibika inaweza kushika moto, kwa hivyo usiichaji kitandani wala familia ikiwa imelala.

Lakini nikuambie ukweli, msomaji: adui mkubwa wa taa ya baiskeli hayuko barabarani. Yumo nyumbani. Stima ikipotea, mama watoto huifungua tochi kutoka kwenye usukani apate kukorogea ugali. Kifunga mimba huhamisha betri hadi kwenye rimoti ya televisheni. Asubuhi baba anatoka, jioni anabonyeza na tochi haiitiki. Kwetu tuliamua mambo matatu. Tulinunua tochi ya pili ya jikoni. Betri za baiskeli tulizipaka alama ya rangi ya kucha, na anayezigusa hujieleza. Na chaja hukaa kando ya simu, zote huchajiwa wakati chakula kinapakuliwa. Tangu hapo hakuna kesi.

Binti yangu, anayesoma chuoni na kurudi kwa baiskeli jioni, alikuwa na kikwazo chake. "Baba," aliniambia, "na mipira hii ya tyubu nitaonekana mshamba." Nilimjibu kwamba hilo ndilo neno ninalolitaka: aonekane. Alicheka, akaifunga kwa ukanda mzuri aliouchagua mwenyewe, na siku hizi wenzake wawili wamemwiga. Kwa hivyo wewe mwanafunzi, kama aibu ndiyo inayokuzuia, ipambe taa yako upendavyo, lakini iwashe.

Kuna watakaosema kwamba namtwika mwendesha baiskeli mzigo wa serikali na wa madereva. Wana haki. Tochi haimzuii dereva mlevi, wala haijengi njia ya baiskeli pasipokuwapo. Hata palipojengwa, kama kando ya barabara kuu ya Thika iliyokamilika mwaka 2012, utakutana na pikipiki, mikokoteni na watu wanaotembea kwa miguu, na wengi wao hawana hata kiberiti. Tuendelee kudai njia salama na taa za barabarani. Lakini haki unayodai haitakumulikia leo jioni, na jua halitangoja tujibiwe.

Leo ni Jumapili, siku ambayo aghalabu familia iko pamoja. Giza likiingia, tokeni nje na baiskeli. Mmoja asimame nayo kando ya njia, mahali pasipo na magari, akiwa na nguo zile zile anazovaa kwenda kazini au shuleni. Wengine mhesabu hatua hamsini, mgeuke, mtazame. Kisha muwashe tochi yoyote iliyo nyumbani na mtazame tena.

Ikiwa mara ya kwanza hukumwona mumeo au mwanao, ilhali ulijua fika amesimama wapi, basi usitarajie atakayemwona ni mtu asiyemjua, anayekwenda mita 22 kwa sekunde. Tahadhari kabla ya hatari. Hiyo pia ni methali ya wahenga wale wale.