Wale Wanne Walioinuka

Kuna maswali ambayo sisi wazazi tumezoea kuyajibu kwa kuhesabu miaka. Mtoto aanze kufunga Ramadhani lini, atumwe dukani peke yake lini, apewe simu lini. Kwa hiyo shule ilipoleta karatasi ya kuniomba ridhaa binti yangu asome riwaya ya To Kill a Mockingbird, nilianza na miaka yake, ambayo ni 14. Ndani ya kitabu hicho kuna kesi ya ubakaji, kuna mtu anayeuawa kwa risasi, na kuna lile tusi wanalotukanwa watu weusi wa Marekani, nalo limerudiwa mara nyingi mno. Karatasi ilikaa kwenye mlango wa friji kwa siku kadhaa. Sikutaka kuisaini kwa pupa, na sikutaka kuirudisha bila saini.

Kwa asiyeijua riwaya yenyewe, Harper Lee aliichapisha mwaka 1960. Alizaliwa mwaka 1926 huko Monroeville, mji mdogo wa jimbo la Alabama, na Maycomb, mji wa hadithi yake, umefanana sana na kwao. Anayesimulia ni Scout, msichana wa Kizungu ambaye hadithi inapoanza hajatimiza hata miaka sita. Baba yake, Atticus Finch, ni wakili, na anapewa kazi ya kumtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu. Mkono wa kushoto wa Tom hauna kazi tangu alipokuwa mdogo, ulipokamatwa na mashine ya kuchambulia pamba, na majeraha ya yule msichana yanaonyesha alipigwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Kila aliyeko mahakamani anaona. Hata hivyo baraza la mahakama, wanaume weupe watupu, linamtia hatiani. Kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, kikawa filamu mwaka 1962, na kimesomeshwa Marekani kwa vizazi.

Nilipojaribu kulijibu swali kwa umri, umri wenyewe ulinigeuka. Mwaka 1931, miaka michache tu kabla ya wakati ambao Lee aliuchagua kwa hadithi yake, vijana tisa weusi walishushwa kutoka kwenye treni ya mizigo huko Alabama na kusingiziwa kuwabaka wasichana wawili wa Kizungu. Walipelekwa mahakamani katika mji wa Scottsboro, na baada ya kesi za siku chache wanane wakahukumiwa kifo. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Emmett Till, aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, alikuwa na miaka 14, sawa na binti yangu. Nilijiambia kwamba kama hawa hawakuwa wadogo mno kutendewa haya, binti yangu si mdogo mno kuyasoma. Lakini hoja ile haikunikaa vizuri. Mtoto wa watu kubebeshwa mzigo si sababu ya kumtwisha na wa kwangu. Na kama dhuluma haikumbagua mtoto, labda kazi ya mama ni kumwongezea mwanawe mwaka mmoja au miwili zaidi ya kutojua. Sikupata jibu, na hadi leo sidhani kama jibu lilikuwa pale.

Nikarudi kwenye masomo yangu mwenyewe. Shuleni kwetu Tanga tulisoma Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964. Tulimjua Njoroge na kiu yake ya shule, na tulimjua baba yake, Ngotho, anayefanya kazi ya kibarua kwa Mzungu juu ya ardhi iliyokuwa ya wazee wake. Niliumia nikisoma. Lakini darasa zima tulikuwa upande wa Njoroge, mwalimu akiwemo. Hakuna aliyegeuka kumwangalia mwenzake ili aone uso wake umekuwaje. Tukimaliza ukurasa wa kutisha, tulitoka nje tukanunua mihogo ya kukaanga, tukaizungumzia hadithi kama jambo letu sote.

Hapa Columbus, Ohio, binti yangu ni mmoja wa watoto weusi wachache darasani. Baada ya kuwaza sana nilisaini, nikanunua nakala iliyotumika ili tusome pamoja. Jioni moja, tukiosha vyombo, aliniambia kwamba siku ile walifika kwenye ukurasa wenye lile tusi. Mwalimu hakulitamka, aliliruka. Ila lilipofikiwa, wenzake wawili waligeuka. "Hawakusema kitu, Mama. Waliniangalia tu." Alilisema hilo akiwa anafuta sahani, tena ileile, muda mrefu baada ya kukauka.

Hapo nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo sahihi. Sikupaswa kuuliza tu kama ana umri wa kutosha. Nilipaswa kuuliza atakisoma akiwa ameketi wapi, na nani yuko pembeni yake.

Kuketi ndiko kulikotufikisha kwenye sehemu ambayo nadhani mimi ningeipita. Siku ya kesi, Scout na wenzake wanafika mahakamani wamechelewa na ukumbi umejaa. Mchungaji Sykes, wa kanisa la watu weusi, anawapandisha kwenye roshani waliyotengewa Weusi. Pale juu, watu weusi wanne wa safu ya mbele wanainuka na kuwaachia watoto viti vyao. Binti yangu alilaza kitabu kifudifudi mezani akaniuliza, "Mama, wale wanne walienda kukaa wapi?"

Nilirudi kuusoma ukurasa ule. Hadithi haiwafuati. Hatuambiwi majina yao, wala kama mmojawao alikuwa ndugu yake Tom aliyetembea toka alfajiri ili awahi nafasi ya kumwona uso kwa uso. Baadaye, hukumu ikishatolewa, watu wa roshani wanasimama tena, safari hii wote, kumpa heshima Atticus anapotoka. Kusimama huko kwa pili ndiko kunakokumbukwa, na mimi pia niliposoma hapo machozi yalinitoka. Lakini baada ya swali la mwanangu siwezi tena kukusoma peke yake. Naona watu waliotoa viti vyao, kisha wakatoa heshima yao, na mtu wao akapelekwa jela ambako atapigwa risasi akijaribu kutoroka.

Sisemi kwamba Lee hakuwaona Weusi. Calpurnia, anayewapikia na kuwalea watoto wale, anawapeleka kanisani kwake, na Scout anashangaa kumsikia akizungumza kwa namna nyingine akiwa na watu wake. Ni kama mlango umefunguliwa kidogo. Helen, mke wa Tom, anapopelekewa habari ya kifo, anaanguka chini hata kabla hajaambiwa. Ni picha kali, na inapita upesi. Nilimweleza hayo mama mmoja ninayefanya naye zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mzaliwa wa Alabama, mtu mweusi, mkubwa kwangu. Alikisoma akiwa shuleni. Akasema alimaliza kitabu akimfahamu Atticus vizuri, vitabu anavyosoma, namna anavyovua miwani, lakini hajui hadi leo Tom alipenda kula nini. Nikamuuliza kama anajutia kukisoma. Akafikiri, akasema hapana, anachojutia ni kwamba alikisoma peke yake na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ubishi kuhusu kitabu hiki ni wa siku nyingi, na sababu zimekuwa zikibadilika. Mwaka 1966 bodi ya shule za Hanover, Virginia, ilikipiga marufuku ikisema kinakiuka maadili. Mwaka 2017 kiliondolewa kwenye masomo ya darasa la nane huko Biloxi, Mississippi, kwa kuwa lugha yake iliwakera baadhi ya watu. Mwaka 2022, huko Mukilteo katika jimbo la Washington, kiliondolewa kwenye orodha ya lazima ya darasa la tisa kwa ombi la walimu wenyewe, waliosema kwamba Weusi wa hadithi hii wanatendewa tu huku Mzungu akiwa ndiye shujaa. Hoja ya kwanza naikataa. Ya pili naielewa, ingawa dhuluma isiyokera sijui ni somo la nini. Ya tatu inanisumbua, maana ndiyo iliyo karibu na swali la binti yangu. Hata hivyo, asingeliuliza kama asingekisoma.

Kuna jambo moja nililomwambia baada ya ukurasa wa mwisho, nikisita, kwa sababu linaondoa faraja ya kudhani haya yalikuwa ya zamani. Huko Monroeville, mji wa Lee mwenyewe, ambako kwa miaka mingi wenyeji wameigiza hadithi hii kwenye mahakama yao ya zamani, mtu mweusi aitwaye Walter McMillian alikamatwa kwa mauaji ya msichana wa Kizungu. Saa ya mauaji alikuwa nyumbani kwake, watu wanakaanga samaki wa kuchangia kanisa, na mashahidi walikuwa wengi. Alitiwa hatiani mwaka 1988, akahukumiwa kifo, na akatoka huru mwaka 1993 baada ya wakili Bryan Stevenson kuonyesha kwamba ushahidi ulikuwa wa uongo. Mwanangu aliniuliza miaka ile mimi nilikuwa na umri gani. Nikamwambia. Akanyamaza.

Yule mama wa zamu za usiku ndiye aliyenipa kitabu kilichofuata, Roll of Thunder, Hear My Cry, cha Mildred D. Taylor, kilichotoka mwaka 1976. Ni Mississippi, mwaka 1933, lakini msimulizi ni Cassie Logan, mtoto mweusi wa miaka tisa, na kwao wana shamba lao wanalolilinda kwa jino na ukucha. Mwanzoni tu watoto wanagawiwa vitabu chakavu vilivyotupwa na shule za Wazungu, na ndani ya jalada imeandikwa rangi ya kila mwanafunzi aliyekitumia na hali ya kitabu alipokipokea. Mdogo wake Cassie anakitupa chake chini. Humo ndani watu weusi wanabishana, wanapika, wanaogopa, wanapanga usiku namna ya kujikinga. Binti yangu alikisoma haraka kuliko kile cha kwanza. Sijui kama ni kwa sababu kinamhusu zaidi au kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Bado nina mashaka yangu. Sijui mtoto aliye peke yake darasani abebeshwe kiasi gani ili wenzake wajifunze, na sidhani saini ya mzazi inalimaliza hilo. Lakini ukiletewa karatasi kama ile, mzazi mwenzangu, isaini. Kisha tafuta nakala yako, usome kurasa anazosoma, umuulize jioni walifika wapi na nani alisema nini. Akimaliza, mpe Taylor.